Kubadilisha alimantasio ya ordinatere: tuangalie nini mbele ya kununua?

Siku hizi parokia nyingi zina ordinatere ya mezani katika biro. Ndani yake mna majina ya wabatizwa, hesabu za feza, barua, na mafundisho ya wakatekumeni. Kisha asubuhi moja unabonyeza kifungo, na masini inanyamaza. Fundi anaitwa, anasema: "Alimantasio imekufa, Padri, tununue ingine." Mara nyingi anasema kweli. Lakini ingine ya namna gani? Hapo ndipo wengi wanapoteza si alimantasio tu, bali masini nzima pamoja na yote yaliyoandikwa ndani yake.

Alimantasio ni lile sanduku dogo la chuma, lenye ventilatere, ambamo unaingia uzi utokao kwenye prizi. Linapokea umeme wa volti 220 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa namna tatu: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Rangi za nyuzi hutuonyesha: manjano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya machungwa ni volti 3.3, nyeusi ni njia ya kurudi. (Katika alimantasio nyingi za siku hizi nyuzi zote ni nyeusi, tusishangae.) Kila kiungo cha masini kina volti zake. Kipe volti 12 kile kinachotaka 5, kitaungua kwa dakika moja.

Tuhakikishe kwanza kwamba imekufa kweli. Tujaribu prizi kwa taa. Tutazame nyuma ya sanduku kama kile kifungo chenye alama za I na O hakikusukumwa na mtu aliyekuwa anafagia; jambo hilo nimeliona zaidi ya mara moja. Tubadilishe uzi wa prizi. Kama bado kimya, fundi ataitoa alimantasio, ataunganisha uzi wa kijani na uzi mweusi mmoja katika fishi kubwa, na kuona kama ventilatere inazunguka. Ikizunguka, bado hatujapata hakika, maana yaweza kuzunguka na volti zikawa zaifu. Mwenye multimetre apime: pa volti 12 asipate chini ya 11.4 wala juu ya 12.6, pa volti 5 asipate chini ya 4.75 wala juu ya 5.25.

Lakini asifungue sanduku lenyewe la alimantasio! Ndani yake mna vyombo vinavyotunza umeme wa volti zaidi ya 300, hata nyuma ya kuondoa uzi wa prizi. Kazi hiyo si yetu.

Sasa tununue. Mtu atauliza mara moja: "Ya wati ngapi?" Swali ni zuri, lakini halifai kuwa la kwanza. La kwanza ni umbo. Alimantasio ya kawaida, inayoitwa ATX, ina upana wa milimetre 150 na urefu wa kwenda juu wa milimetre 86. Katika masanduku madogo hutumiwa ile ya SFX, milimetre 125 kwa 63.5, na katika masanduku membamba ile ya TFX, iliyo nyembamba na ndefu. Tupime kwa rula, tuandike, twende na karatasi sokoni. Ikiwezekana twende na alimantasio ya zamani yenyewe mkononi.

Kisha fishi, na hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo hatari ilipo. Fishi kuingia si ushuhuda kwamba inafaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Dell kilitengeneza ordinatere zenye fishi ya matundu 20 iliyofanana kabisa na ile ya kawaida, lakini nyuzi zilipangwa kwa namna ingine. Aliyetia alimantasio ya soko aliona fishi inaingia vizuri, akawasha, akaunguza. Leo viwanda fulani hutengeneza masini za biro zenye fishi ndogo ya matundu 6 au 8, inayoleta volti 12 tu. Volti zingine zinafanyizwa na kile kibao kikubwa chenyewe, ambacho mafundi wanakiita karte-mere. Kwa masini kama hizo tutafute alimantasio yenye namba ile ile ya kiwanda, au kiungo kilichofanywa kwa masini ile hasa. Tusikate nyuzi na kuzifunga kwa kukisia.

Katika masini za kawaida, fishi kubwa ina matundu 24. Zile za mbele ya 2003 zilikuwa na 20. Fishi nyingi za sasa zinagawanyika: 20 na kipande cha 4. Sasa angalieni: kuna fishi ingine ya matundu 4, inayolisha prosesere, nayo inafanana sana na kile kipande. Lakini ya prosesere ina nyuzi mbili za manjano na mbili nyeusi, nacho kipande kina rangi nne mbalimbali. Vile vile fishi ya matundu 8 ya prosesere na fishi ya matundu 8 ya karte ya picha: mahali pa manjano na mahali pa nyeusi pamegeuzwa. Wenye kuzitengeneza walizipa matundu ya maumbo mbalimbali ili zisiingie pasipo pake. Basi fishi ikikataa, tusiisukume kwa nguvu za kupasua kuni.

Kuna na alimantasio ambazo nyuzi zake hutoka pande zote mbili, upande wa masini na upande wa sanduku. Upande wa masini unafuata kanuni moja duniani pote. Upande wa sanduku, hapana: kila kiwanda hupanga apendavyo mtengenezaji, na hata kiwanda kimoja hubadilisha toka aina hii hadi ile. Mimi sikujua. Nilipokuwa padri msaidizi katika parokia moja, nilitoa sanduku lililokufa, nikaacha nyuzi zake za zamani mahali pake ili nisijitese kuzivuta, nikazichomeka katika sanduku jipya. Zikaingia zote. Nilipowasha, nikasikia harufu. Diski iliungua. Vitabu vya ubatizo vilikuwa salama kabatini, lakini mwalimu wetu alikuwa amefanya kazi ya miezi 8 kunakili majina yale, akalazimika kuanza tena toka jina la kwanza. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Tuje kwa wati. Tusisome namba kubwa ya nje, tusome kibandiko pembeni, mstari wa volti 12, maana masini za leo hula hasa huko. Zidisha volti kwa ampere. Sanduku linajiita la wati 500, nacho kibandiko kinasema ampere 18 kwa volti 12: 12 mara 18 ni wati 216. Lingine linajiita la wati 400, lina ampere 30: ni wati 360. La pili ni bora, hata kama jina lake ni dogo. Kama kuna mistari miwili ya volti 12, tusiijumlishe. Tutafute jumla iliyoandikwa na kiwanda. Ordinatere ya biro isiyo na karte ya picha inatosheka na wati 300 za kweli.

Walio na umeme wa jua wataogopa: "Alimantasio ya wati 500 itamaliza betri zetu." Hapana. Inavuta kadiri masini inavyoomba. Masini ikila wati 80, na alimantasio ikipoteza sehemu moja ya tano, itavuta wati 100, si zaidi.

Nyuma ya baazi ya alimantasio kuna kifungo chekundu: 115 na 230. Masini zinazotumwa kutoka Marekani huja zimewekwa kwenye 115. Kuichomeka hivyo katika umeme wetu ni kuipasua papo hapo. Tuiweke kwenye 230 mbele ya yote. Ikiwa imeandikwa 100–240, hakuna kifungo, nayo inajirekebisha yenyewe.

Siku ya kuiweka, tuondoe uzi wa prizi, tuchomeke fishi kubwa na ile ya prosesere tu, diski tuiache bila uzi. Tuwashe. Ikiwaka na kutuandikia kwenye ekra kwamba haioni diski, ni vema. Tuzime, tuondoe tena uzi wa prizi, ndipo tuipe diski fishi yake.