Kuna faida gani kutangaza kinachojulikana?

Msomaji mmoja wa Mugumu anauliza: iritongo, ule mkutano wa hadhara wa Wakurya, inasaidia nini kutangaza kwamba kijijini kuna ng'ombe wa wizi, ilhali kila mtu anajua? Ameuliza swali la mantiki ya muda na maarifa bila kujua.

Muda tuupite haraka. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kompyuta Amir Pnueli alipendekeza programu zikaguliwe kwa mantiki ya muda, yenye maneno kama "daima", "hatimaye" na "mpaka". Basi. Utamu umo kwenye maarifa.

Chukua kijiji cha kubuni upande wa Tarime. Vijana wameingiza ng'ombe wa wizi katika mazizi mawili, la Mzee Chacha na la Mzee Marwa. Kila mzee humtambua ng'ombe mgeni kwa mwenzake, ila kwake vijana wanamficha, na majirani hawasemi. Chacha ameona kwa Marwa, Marwa ameona kwa Chacha. Mwenyekiti anasimama: "Hapa kuna zizi moja au zaidi lenye ng'ombe wa wizi. Atakayejua ni lake, amlete alfajiri inayofuata."

Alfajiri ya kwanza, kimya. Chacha anashtuka: "Zizi langu lingekuwa safi, Marwa asingeona wizi popote, na jana ileile angejua ni lake. Hakuja. Basi ameona kwangu!" Marwa naye anawaza vivyo hivyo. Alfajiri ya pili wote wawili wanaswaga ng'ombe. Mazizi yakiwa matatu, watakuja alfajiri ya tatu. Yakiwa kumi, ya kumi. Kila alfajiri ya kimya inaongeza habari.

Mwenyekiti angemtumia kila mzee ujumbe wa simu faraghani, maneno yaleyale, asingekuja mtu: Chacha asingejua kama Marwa ameupata. Ndiyo maana siridhiki kuiita hali inayoletwa na tangazo la hadhara "maarifa ya wote". Hayo walikuwa nayo tangu mwanzo. Nasema "maarifa ya hadhara": najua, unajua kuwa najua, najua kuwa unajua hivyo, bila kikomo. Mwaka 1984 wanasayansi wa kompyuta Joseph Halpern na Yoram Moses walionyesha kwamba ujumbe ukiweza kupotea njiani, maarifa hayo hayapatikani, hata mkijibizana usiku kucha.

Hesabu hii inataka wazee wakweli na wepesi wa kufikiri, tuwakubalie.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iritongo ikiitwa uende mwenyewe. Ukisimuliwa jioni utaijua habari, lakini waliohudhuria hawatajua kuwa unaijua.