Maji ya Ruvu na Kiwanda cha Chipu

Katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, umelala udongo mweupe wa kaolini uliochanganyika na mchanga wa kwatzi. Na madhali mchanga wa namna hiyo ndio asili ya silikoni, na silikoni ndiyo mwili wa chipu ziendeshazo simu, magari na mitambo ya hospitali, huwezi kukosa mtu wa kudai kwamba nchi iliyojaliwa neema hii imekwisha pata nusu ya kiwanda. Dai hilo lapendeza masikioni, lakini katika mizani ya biashara ni jepesi. Mchanga umejaa duniani, na sehemu yake katika gharama ya chipu moja ni ndogo mno kuweza kuamua taifa gani litadumu sokoni na lipi litafukuzwa.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo habari tuijuayo zaidi watu wa Ruvu. Chipu ni mkusanyiko wa transista, na transista ni kijimlango kiruhusucho au kizuiacho umeme, mfano wa koki ya bomba, ila udogo wake hauonekani kwa jicho. Maelfu ya mamilioni ya koki hizo huchorwa juu ya kisahani cha silikoni tabaka juu ya tabaka, na baina ya tabaka na tabaka kisahani sharti kioshwe kwa maji yaliyotakaswa hata yasibaki na chumvi, kijidudu wala chembe ya vumbi. Kampuni ya TSMC ya Taiwan, iliyo kubwa kupita zote katika kazi ya kuwatengenezea wengine chipu, ilikuwa ikitumia katika mwaka 2019 kiasi cha lita milioni 156 kwa siku. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, uliojengwa mwaka 1959 na kupanuliwa baadaye, hutoa lita milioni 196. Yaani kampuni moja ingekunywa zaidi ya robo tatu ya mtambo huo, na Kibaha yote, pamoja na sehemu kubwa ya Dar es Salaam, ingebaki kugombea masazo.

Tena mto Ruvu wenyewe una hali zake. Mvua kuchelewa si jambo la kusimuliwa na wazee tu, kwani mwezi Oktoba 2022 tuliona kwa macho yetu uzalishaji wa mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ukishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300, na maji yakagawiwa kwa zamu. Taiwan nayo ilipatwa na ukame mkali mwaka 2021. Lakini kule viwanda vya chipu havikusimama, kwa sababu serikali iliyakatia maji mashamba ya mpunga na kuwalipa wakulima fidia, na malori yakabeba maji kuyapeleka viwandani. Mimi nisingependa kuwaona wakulima wa bonde letu wakitendewa hivyo, hata kwa fidia. Bwawa la Kidunda, linalojengwa mkoani Morogoro ili kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, litapunguza hofu hiyo, ingawa haki ya kwanza ya maji yake ni ya mitungi ya majumbani.

Umeme nao una masharti ya ukali uleule. Mwezi Juni 2019, katika mji wa Yokkaichi nchini Japani, umeme ulikatika kwa muda wa dakika 13 tu, na viwanda vya chipu za kumbukumbu vilivyokuwa hapo vikachukua majuma kadhaa kurejea katika hali yake. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na hiyo ni fahari ya haki. Walakini wingi wa umeme bwawani na uthabiti wake kwenye waya ni mambo mawili, na mkazi yeyote wa Kibaha anaweza kuyatofautisha bila ya msaada wa mhandisi.

Hata hivyo maji na umeme hununulika kwa fedha. Kinachokawia ni watu. Taiwan iliwapeleka wahandisi wake vijana kujifunza kwa kampuni ya RCA ya Marekani mwaka 1976, na TSMC haikuzaliwa ila mwaka 1987. Wala aliyefika juu hana amani: Japani, iliyoshika karibu nusu ya soko la dunia mwishoni mwa miaka ya 1980, leo ina kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu, pamoja na mbano wa mkataba wa 1986 na Marekani, kampuni zake zilishikilia kufanya kila kitu ndani ya nyumba moja wakati wengine walipokuwa wakigawana kazi, huyu akisanifu na yule akitengeneza. Marekani yenyewe iliona sehemu yake ya utengenezaji ikishuka kutoka asilimia 37 mwaka 1990 hadi 12 mwaka 2020, ikalazimika kutunga sheria mwaka 2022 yenye zaidi ya dola bilioni 50.

Sisi tumewahi kuukaribia mlango wa kazi hii. Redio za chapa ya National ziliunganishwa Dar es Salaam, na transista zake zikaja tayari kutoka ng'ambo. Tulijifunza kufunga skrubu, na elimu iliyokuwa ndani ya transista ikabaki huko ng'ambo. Jirani zetu wa Kenya wamechagua njia nyingine: kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imeweka kiwanda kidogo Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambapo mwanafunzi na mtambo huishi ua mmoja. Udogo wake si aibu. Penang ya Malaysia, kampuni ya Intel ilipofungua karakana huko mwaka 1972, ilianza kwa kazi ya kufungasha na kupima chipu zilizotengenezwa kwingine, kazi isiyohitaji mto mzima, na haikuiacha mpaka leo.

Kazi ya daraja hilo ndiyo iliyo saizi ya Kwala, penye reli na bandari kavu. Lakini ningeulizwa fungu la kwanza liende wapi, nisingelipeleka kwenye kusafisha viwanja. Misingi ya elimu tunayo tayari: Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mapatano ya mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwetu mwaka 1970. Na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina mizizi ya tangu 1957. Ningelipeleka fungu hilo huko, kwenye maabara za usanifu na upimaji wa chipu, na ningeomba lisikatwe kwa miaka 15, bajeti ikibana au isibane.