Flaiwili Iliyoganda: Nyundo, Pula au Moto?

Mvua ya Bukoba, ambayo kwa mwaka hufika karibu milimita 2,000, ni neema kwa migomba na mibuni, lakini ni adui wa chuma. Injini ya mashine ya kusaga iliyokaa miaka mingi ndani ya kibanda kinachovuja hushika kutu mahali ambapo jicho halifiki, katikati ya shafti na tundu la flaiwili. Siku fundi anapotaka kubadili beringi au sili ya mafuta, gurudumu hilo zito linakataa kutoka, na hapo ndipo mwenye mashine anaanza kudaiwa pesa za kila aina.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza kama kuna ulazima wa kuitoa flaiwili. Injini ya zamani ya Lister inayogonga kila mzunguko huenda haina ubaya zaidi ya kii iliyolegea, kile kipande cha chuma kinachobana flaiwili kwenye shafti. Kama kati ya kichwa cha kii na flaiwili bado kuna nafasi, fundi anaweza kuigonga iingie zaidi na kelele ikaisha. Kichwa kikiwa kimeshafika kwenye chuma, kii imekwisha na inatakiwa mpya. Hapo kweli kuna kazi.

Jambo linalofuata ni kujua una injini ya aina gani, kwa sababu gharama hutofautiana sana. Lister ya silinda moja, ile iliyobuniwa Dursley, Uingereza, pamoja na nakala zake zilizotengenezwa Rajkot, India, ina flaiwili mbili, kila moja imebanwa na kii yenye kichwa iliyochongwa kama kabari. S195 ya Kichina, ya nguvu farasi 12, ina flaiwili moja kwenye shafti iliyochongoka, imekazwa kwa nati kubwa. Trekta la Massey Ferguson 135 ni habari nyingine kabisa: flaiwili yake imefungwa kwa bolti nyuma ya injini, na fundi hulipwa zaidi kwa kutenganisha trekta katikati kuliko kwa flaiwili yenyewe. Ukitajiwa bei moja kwa zote tatu, anayekutajia hajaifikiria kazi yako.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni mafuta na subira. Asetoni na ATF (mafuta ya gia za otomatiki), nusu kwa nusu, au dawa ya kopo ya kulegeza kutu, hutiwa kwenye ukingo wa tundu asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Unacholipia ni mafuta na muda. Kama mashine imesimama nje ya msimu, sioni sababu ya kuanza na njia nyingine. Msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto na wateja wamepanga magunia mlangoni, hesabu inabadilika: chukua mapato ya siku moja, toa dizeli na ujira wa mwendeshaji, kisha zidisha kwa siku za kusubiri. Mara nyingi jumla hiyo inazidi ujira wa fundi mzuri.

Nyundo ndiyo inayopendwa, kwa kuwa kila fundi anayo. Mimi naiogopa. Flaiwili ni kasti, chuma cha kumiminwa, nacho hakipindi, hupasuka. Ufa mdogo kwenye kitovu usioonekana leo unaweza kuachia siku gurudumu la Lister linapozunguka mara 650 kwa dakika, na wanaosimama karibu nalo ni watoto waliotumwa kusaga unga. Kupiga ncha ya shafti nako huumiza beringi na kuivimbisha ncha hiyo, kisha flaiwili haipiti tena. Nyundo ina nafasi yake, lakini ni ya kugonga kidogo kidogo kupitia kipande cha shaba au mbao ngumu, baada ya pula kukazwa.

Pula, kifaa cha kuvuta flaiwili itoke kwenye shafti, ndiyo ninayoitetea. Kwa S195 hutengenezwa kwa bamba nene la chuma na bolti zinazoingia kwenye matundu ya flaiwili. Bolti ya katikati inasukuma shafti. Nati kubwa ilegezwe tu, isitolewe yote, kwa sababu flaiwili ikiachia huruka. Kwa Lister kinachovutwa kwanza ni kii: kabari mbili huingizwa kutoka pande mbili nyuma ya kichwa chake, au hubanwa kwa kifaa chenye bolti ya kuvutia. Mchomeleaji yeyote makini wa Bukoba mjini ataweza kukitengeneza ukimpa vipimo sahihi. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi mkoani Kagera. Ukikosa fundi wa kuchonga vyuma, anzia huko. Tena wenye mashine watatu au wanne wa Kamachumu au Nshamba wanaweza kuchangia pula moja na kuitumia kwa zamu miaka mingi.

Moto uwe wa mwisho. Tundu la milimita 50 likipata nyuzi 150 zaidi ya shafti hutanuka karibu milimita 0.08, nafasi inayotosha kuvunja mshiko wa kutu. Lakini shafti nayo ikipata joto inatanuka, na faida inapotea. Ndiyo maana gesi ya fundi mwenye mkono mwepesi, anayezungusha moto kwenye kitovu chote, ina thamani zaidi kuliko jiko la mkaa linalopasha kila kitu polepole. Futeni kwanza asetoni yote, ilindeni sili ya mpira, na mtu asimwage maji kwenye kasti ya moto. Gesi ni ghali ukiwa Muleba na mitungi iko Bukoba, kwa hiyo linganisha nauli ya mitungi na nauli ya kubeba injini.

Vyovyote utakavyochagua, andikianeni kabla ya kazi: flaiwili ikipasuka, nani analipa? Fundi wa nyundo hutaja ujira mdogo na huiacha hatari yote mikononi mwako. Anayetaja zaidi, lakini akakubali kubeba sehemu ya hasara, kwangu ndiye wa bei nafuu.

Ikipasuka kweli, usikimbilie kuichomelea. Tafuta nyingine iliyotumika, Mwanza au ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, ukiwa umebeba kii ya zamani, kipimo cha shafti na kipenyo cha flaiwili yenyewe. Na kama kijiji chako kimefikiwa na umeme, waulize kwanza TANESCO kama nguzo zilizo karibu na mashine zina laini ya fezi tatu, kwa sababu jibu lao linaweza kukuonyesha kwamba pesa ya flaiwili ilikuwa ya kununulia mota.