Magunzi ya Titye yanatafuta mnunuzi

Mahindi yakishapukuchuliwa, magunzi hulundikana nyuma ya nyumba za Titye, wilayani Kasulu. Ongeza maganda ya kahawa, samadi, na mabaki ya chikichi ukishuka kuelekea ziwani: malighafi ya nishati safi Kigoma si haba. Kinachosubiriwa ni mnunuzi wa uhakika.

Utengenezaji hauhitaji kiwanda. Magunzi makavu huchomwa ndani ya pipa lililobanwa hewa mpaka yawe meusi bila kugeuka majivu. Husagwa, huchanganywa na uji wa muhogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa. Mkaa mbadala huo una moshi mdogo na hudumu jikoni, ila majivu yake ni mengi na ukilowa humomonyoka. Kwa kuwa Kigoma mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, banda la kukaushia ni sehemu ya mtaji.

Mshindani wake mkubwa ni kuni za kuokota. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, kisha Nduta ya Kibondo ikapokea Warundi kuanzia 2015, misitu imezidi kuelemewa. Gharama ya kuni hizo hulipwa kwa miguu ya akina mama, si kwa fedha, ndiyo maana kaya ya kijijini haioni sababu ya kununua mkaa mbadala. Biashara ianzie kwa wanaolipia nishati tayari: mama lishe wa Kasulu mjini na Kibondo, na shule za bweni. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa ndani mwenye maji karibu, bayogesi inafaa zaidi. Programu iliyoanza mwaka 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, imejenga mitambo zaidi ya 10,000 nchini. Ujenzi ni ghali, lakini tope linalotoka mtamboni ni mbolea ya migomba na kahawa, na hapo ndipo mtaji hurudi.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mkataba wa kuuzia shule mkaa mbadala kipewe kipaumbele, kwa sababu mkopo wake una mlipaji anayejulikana.