Je, Watoto Waalikwe Arusini?

(Mazungumzo ya redio. Somo: Marko 10:1–16)

Nawasalimu nyote mlioketi karibu na redio wakati huu: ninyi wa Voi mjini, ninyi wa milimani kule Wundanyi, Werugha na Mgange, ninyi wa Mwatate na Bura, wa Sagalla na Kasigau, na ndugu zetu wa Taveta. Karibuni tulitafakari Neno la Mungu pamoja kwa dakika hizi chache.

Jambo la leo laweza kuonekana dogo. Lakini mimi niliye mchungaji nimeliona likigombanisha dada na dada, na shangazi akaacha kumsalimu mpwa wake mwaka mzima. Jambo lenyewe ni hili: je, watoto waalikwe arusini, au wabaki nyumbani?

Alasiri moja vijana wawili walikuja kwangu kwa mafundisho ya ndoa. Tulipomaliza, yule kijana akatoa mfano wa kadi ya mwaliko ili niutazame kabla haujapelekwa kupigwa chapa. Ilikuwa kadi nzuri. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno haya: "Tafadhali, watoto wabaki nyumbani." Nikauliza, "Ni nani aliyeamua neno hili?" Kijana akajibu, "Ni kamati, Mchungaji." Binti hakusema kitu. Alikuwa akitazama sakafu.

Mimi nami sikuuliza zaidi. Nilisema, "Basi, kama kamati imeamua, iwe hivyo. Amani ni bora." Nitarudi kwa vijana hawa baadaye, maana siku ile nilikosea.

Kwanza, tuwatendee haki wanakamati. Wanazo sababu, na baadhi yake ni za busara. Sababu ya kwanza ni hesabu. Ukialika nyumba 100, baba na mama tu, utapika chakula cha watu 200. Kila nyumba ikija na watoto watatu, utapika cha watu 500. Mchele, nyama, hema, viti vya kukodi, yote hupanda. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba budi aketi kwanza akahesabu gharama. Arusi inayowaachia maarusi deni la miaka miwili si heshima kwa mtu yeyote. Deni hilo litaketi nao mezani kila siku.

Sababu ya pili ni usalama. Siku hizi karamu nyingi hufanywa hotelini, penye bwawa la kuogelea, au kiwanjani karibu na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambako malori hayalali. Tena sisi tunaoishi kando ya mbuga ya Tsavo twajua kwamba msafara wa watoto haupaswi kukutwa njiani na giza, maana ndovu hawaulizi kama unatoka arusini. Mzazi mwenye akili hufikiri haya mapema.

Sababu ya tatu ni utulivu. Bibi arusi anasema kiapo chake kwa sauti ya chini, na wakati huo huo mtoto analia nyuma, mwingine anakimbia katikati ya viti. Wazazi wakae karibu na mlango, wamtoe nje mtoto anayelia, kisha warudi. Jambo hilo lina dawa.

Lakini iko sababu ya nne, nayo siikubali. Wengine husema, "Baadaye kutakuwa na vinywaji na ngoma ambazo si za watoto." Ndugu zangu, kama karamu ya mkristo haifai kuonwa na mtoto wa miaka minane, yafaaje kwa mzee wa kanisa wa miaka hamsini? Hapo shida si mtoto. Tutengeneze karamu.

Sasa tutazame tulikotoka. Zamani, kule milimani, arusi haikuwa na kadi. Habari ilipita kwa mdomo, kutoka nyumba hadi nyumba. Watoto hawakualikwa wala hawakukatazwa, maana walikuwa wa boma. Walitumwa maji na kuni, waliwaita majirani, kisha wakala pamoja kutoka chombo kimoja. Walikuwa na kazi, kwa hiyo hawakuwa na nafasi ya kufanya fujo. Kadi imekuja na maisha ya mjini. Kadi si dhambi, lakini kadi huhesabu vichwa, na ukoo hauhesabu hivyo. Ndiyo sababu neno dogo kwenye kadi laweza kumchoma shangazi kama mwiba. Yeye anasoma, "Wanao si wetu," ijapokuwa kamati ilikusudia tu kuokoa mchele.

Je, Neno la Mungu lasemaje? Fungueni Marko sura ya 10. Wengi twaijua habari ya watoto walioletwa kwa Yesu, na wanafunzi wakawakemea waliowaleta. Lakini mmetazama kilichotangulia? Katika aya kumi na mbili za kwanza, Yesu anaulizwa juu ya ndoa. Anawarudisha Mafarisayo kwenye mwanzo wa uumbaji, mume na mke kuwa mwili mmoja. Na mara baada ya mazungumzo hayo ya ndoa, watoto wanaletwa. Marko ameyaweka mambo haya mawili kama mlango na kizingiti chake.

Wale wanafunzi walikuwa kama kamati. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka utaratibu, na walidhani wanamlinda Mwalimu asichoshwe. Lakini Marko anatuambia kwamba Yesu alichukizwa nao. Ni mara chache Injili hutumia neno kama hilo juu ya Bwana wetu. Kisha akawakumbatia watoto, akawawekea mikono, akawabariki.

Tazameni pia Mathayo 11, aya ya 16 na ya 17. Yesu anasema juu ya watoto waliokaa sokoni wakicheza. Wanapiga filimbi ili wenzao wacheze, kisha wanaomboleza ili wenzao walie. Walimu wengi hueleza kwamba watoto hao walikuwa wakiigiza arusi na matanga. Basi najiuliza: mtoto aigizeje arusi asiyoiona? Walikuwapo. Walisikia filimbi, wakaenda nayo sokoni. Nanyi mmewaona watoto wetu Jumatatu baada ya arusi: mmoja amejifunga leso kichwani kuwa bibi arusi, mwingine ameshika kitabu juu chini kuwa mchungaji. Tusiwacheke. Wanajifunza kwamba mwanamume na mwanamke husimama mbele za Mungu na kuahidi. Sisi tulijifunzia wapi, kama si hapo?

Hata kitabu cha sala cha Waanglikana cha mwaka 1662, kinapotaja sababu ambazo kwa ajili yake ndoa iliwekwa, huanza na watoto, wazaliwe na kulelewa katika kumcha Bwana. Ni ajabu kuwaomba Mungu awape maarusi watoto, na huku mlangoni tumemweka mtu wa kuwarudisha.

Lakini hapa tutofautishe mambo mawili. Ibada ya ndoa ni kitu kimoja, na karamu ni kitu kingine. Ibada ni ya kanisa zima. Kwa desturi yetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mbele ya watu wote, na watoto wakiwamo. Hakuna kadi ya kuingia nyumbani mwa Mungu. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka mashahidi wawili, na aliye chini ya miaka 18 hakubaliwi kuwa shahidi wa kutia sahihi. Lakini hakuna anayewazuia kushuhudia kwa macho. Karamu, kwa upande mwingine, ni ya wenye arusi. Wao ndio wanaolipa, na wana haki ya kuamua idadi. Ninawaomba tu waamue kwa upendo.

Tulipata kuonja kanisa lisilo na watoto. Mwezi wa Julai 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali yetu iliporuhusu ibada zirudi, iliweka masharti: watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 pamoja na waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Ilikuwa kwa ajili ya kulinda uhai, nasi tulitii. Arusi nazo ziliwekewa mpaka wa watu 100. Lakini wale waliofunga ndoa miezi ile wanajua ulivyokuwa upungufu wake: hakuna nyanya wa kupiga vigelegele, hakuna mtoto wa kuuliza kwa sauti, "Mama, mbona analia na leo ni arusi?"

Sasa nirudi kwa wale vijana. Usiku ule sikulala vizuri. Niliendelea kumwona yule binti akitazama sakafu. Kesho yake nikamwomba mke wangu amtembelee. Binti akasema, "Mama Mchungaji, mimi nina mtoto wa miaka saba. Mchumba wangu anamjua. Lakini wazee wa upande wake wamesema itakuwa aibu aonekane. Kwa hiyo watoto wote wamekatazwa, ili huyo mmoja asionekane."

Ndugu zangu, sikuwa nimefikiri hivyo hata kidogo. Mimi niliona mchele na viti. Kumbe maneno yale madogo kwenye kadi yalikuwa pazia, na nyuma ya pazia alisimama msichana wa miaka saba. Nami nilikuwa nimesema, "Amani ni bora." Amani ya nani?

Nilimwita yule kijana peke yake. Akasema, "Mchungaji, nilidhani namsitiri." Nikamwuliza, "Jumapili itakayofuata arusi, mtoto huyu atalala wapi?" Akajibu, "Nyumbani kwangu." Nikamwambia, "Basi kama una nafasi yake nyumbani mwako, waonaje umkose nafasi mezani pako?" Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaenda mwenyewe kuzungumza na wazee wake. Sikumtuma.

Siku ya arusi msichana yule alitangulia mbele ya mama yake, ameshika maua. Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Wako wazee wawili wa upande wa bwana arusi ambao hawakuketi meza kuu. Msichana mwenyewe alilala usingizi mapajani mwa nyanya yake kabla keki haijakatwa. Lakini aliona. Alisikia mtu akiahidi mbele za Mungu kuwa mume wa mama yake, na hakuna atakayeweza kumwambia kesho kwamba yeye alifichwa siku ile.

Kwa hiyo, ninyi mnaopanga arusi, nawaachia mashauri machache. Jiulizeni kwanza sababu yenu ya kweli ni ipi. Kama ni fedha, semeni ni fedha, hakuna aibu. Pili, kabla ya kuandika "watoto wabaki", fikirini ni nani atakayefungiwa mlango. Mjane asiye na wa kumwachia wanawe, au mama anayenyonyesha, akisoma maneno hayo anasoma, "Wewe pia usije." Mpelekeeni mtu wa kuzungumza naye. Tatu, mkipunguza, pimeni kwa kipimo kimoja: msiwakatae watoto wa maskini na kuwakaribisha wa mheshimiwa. Nne, mkiwaalika, wapangieni: chakula chao kitangulie, na mwalimu wa Shule ya Jumapili awakusanye kivulini kwa nyimbo na michezo. Tano, mtoto wa bwana arusi au wa bibi arusi asihesabiwe kamwe kuwa mgeni.

Nanyi mnaoalikwa, msikilizeni mwenye arusi. Akikuomba uje peke yako, usifike na watoto watano na mabakuli ya kubebea pilau. Usinune. Labda hesabu imemshinda, naye ameona haya kukuambia. Upendo hufunika mambo mengi, hata kadi iliyoandikwa vibaya.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, uliyetukaribisha mezani pako tulipokuwa hatuna haki ya kuketi, utusamehe tulipowazuia wadogo kwa ajili ya heshima yetu. Uwape hekima wanaopanga arusi mwezi huu. Uwakumbuke watoto waliofichwa, nao wajue kwamba wewe unawaona. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki, hata tutakapokutana tena.