Waliotaka Kujitenga Sasa Wako Serikalini

Mimi ni nyar Rorya, binti wa Rorya. Nilizaliwa upande wa Tanzania, si mbali na Shirati, nikaolewa Kamagambo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiuza mbegu, mbolea na dawa za mifugo hapa Rongo, kaunti ya Migori. Mpaka unaotenga kwetu na kwa mume wangu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya 1886 na 1890, na hakuna Mjaluo wala Mkuria aliyeulizwa. Nikienda kuzika nyumbani napitia Isebania, nakaguliwa, naingia Sirari, naongea Kijaluo kilekile na wajomba zangu. Wateja wangu wengi hawajui hata kwamba Nyanza hii yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda mpaka 1902, Waingereza walipohamisha mkoa mzima kwa karatasi na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya.

Kwa hiyo mtu akija dukani na ramani mpya ya nchi kwenye simu yake, mimi huitazama. Nimeona nyingine.

Ramani zilijaa mwaka 2017. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa Agosti 8, mgombea wa upinzani, Raila Odinga, akajiondoa kwenye marudio, na Oktoba 26 ilipofika, sehemu kubwa ya Migori, Homa Bay, Kisumu na Siaya haikupiga kura kabisa. Watu walikuwa wameuawa. Kisumu, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa polisi walipovamia nyumba yao usiku, akafa. Katika hasira ile, Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini, aliandaa mswada wa kuigawa Kenya nchi mbili. Pwani, magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi wakatangaza kwamba nao wataanza safari ya kuondoka. Mwanauchumi David Ndii alikuwa amelisema mapema zaidi, Machi 2016, alipoandika gazetini kwamba Kenya ni ndoa ya mateso na wakati wa kuzungumzia talaka umefika.

Hapa Rongo maneno hayo yaliingia kama yameandikwa kwa ajili yetu. Nakumbuka jaduong' mmoja, yaani mzee, mkulima wa miwa, aliyekuja kununua dawa ya kupe. Alisema, "Mama, sisi tumetawaliwa na Kenya hii, hatujawahi kuitawala. Tuachwe." Sikumcheka. Mtu wa umri wake anakumbuka waziri Tom Mboya alivyouawa Nairobi Julai 1969, na watu walivyopigwa risasi Kisumu Oktoba mwaka huohuo Rais Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali, kisha chama cha kiongozi wa upinzani, Jaramogi, kikapigwa marufuku. Anajua pia, hata kama hajausoma, waraka wa serikali wa 1965, Nambari 10, uliosema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye maeneo yatakayozalisha haraka. Maeneo hayo yalikuwa yale ambayo walowezi walikuwa wameshajengewa reli na barabara. Ukipanga hivyo, aliyeachwa nyuma hubaki nyuma kwa mujibu wa mpango.

Lakini nilimuuliza jaduong' swali la kidukani. Mbolea hii inashuka Mombasa, inapita Nairobi na Nakuru. Nchi ikigawanyika, nitailipia ushuru mara ngapi kabla haijafika kwenye shamba lako? Na ndizi tunazokula hapa zinatoka kwa Wakisii. Ukipanda matatu Rongo kwenda Kisii unavuka mpaka wa kaunti hata hujamaliza kuhesabu chenji. Wao tumewauliza kama watakuja nasi?

Akasema hayo yatatengenezwa baadaye. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba kuondoka kwenyewe hakukuwa shida yake.

Nina nakala ya katiba chini ya kaunta, ile ya 2010, imechakaa kwa kushikwa na wabishi. Sehemu inayoeleza jambo hili si ngumu kuisoma. Kifungu cha 255 kinasema kubadilisha ardhi ya Jamhuri lazima kupitie kura ya maoni. Ukitaka kuanzisha wewe mwananchi, bila kungoja mbunge, kifungu cha 257 kinakudai saini za wapiga kura milioni moja, kisha mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yaukubali mswada wako. Siku ya kura, angalau asilimia 20 ya wapiga kura wajitokeze katika nusu ya kaunti, na walio wengi waseme ndiyo.

Walio wengi wa nchi nzima, sio wa Rongo. Maana yake Rongo ingeomba ruhusa ya kuondoka kwa Nyeri, Bomet na Garissa. Uskoti walipopiga kura Septemba 2014, waliopiga ni wakazi wa Uskoti peke yao, na asilimia 55 wakachagua kubaki Uingereza. Sudan Kusini, Januari 2011, waliopiga ni watu wa kusini, na karibu asilimia 99 wakachagua kwenda. Hao walikuwa na makubaliano ya kuwaruhusu kuulizwa peke yao. Sisi hatuna, na ndani ya katiba hii sioni mlango wa kuyapata. Catalonia walijaribu bila makubaliano Oktoba ileile ya 2017. Kiongozi wao akakimbilia Ubelgiji na wenzake wakafungwa.

Kwetu Tanzania mjadala huu una sura nyingine, na nililelewa nao. Kila Aprili 26 tulikuwa tunaimba Muungano shuleni, Tanganyika na Zanzibar, 1964. Hatukufundishwa kwamba Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alilazimika kuachia madaraka mwaka 1984 baada ya kuhoji muundo wa serikali mbili. Miaka thelathini baadaye Tume ya Jaji Warioba, ya kuandaa katiba mpya, iliwasikiliza wananchi ikapendekeza serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Bunge Maalum la Katiba likalirudisha jambo kwenye serikali mbili mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 ikaahirishwa, haijafanyika mpaka leo. Shangazi yangu wa Tarime husema Wazanzibari wanalalamika sana. Mimi humjibu kwamba Wazanzibari angalau wana rais wao, bunge lao na bendera yao, na bado kero hazijaisha, kwa sababu ugomvi wao ni wa nani ameshika mapato na mamlaka. Ugomvi wa Rongo ni huohuo, bila bendera.

Hebu tazama waliokuwa mstari wa mbele 2017 wamefika wapi. Ndii alikamatwa Diani Desemba mwaka ule. Tangu Ruto aingie Ikulu 2022 yeye ndiye anayeongoza jopo la washauri wa uchumi wa Rais. Kingi akawa Spika wa Seneti, seneti ya Jamhuri aliyotaka kuitoka. Joho akapewa wizara ya madini Agosti 2024, na siku hizohizo Hazina ya Taifa ikakabidhiwa John Mbadi, mtu wa Homa Bay. Raila mwenyewe, Mungu amlaze pema, aliapishwa kuwa rais wa wananchi Uhuru Park Januari 30, 2018, na wiki chache baadaye, Machi 9, akawa kwenye ngazi za Harambee House akipeana mkono na Uhuru Kenyatta. Baada ya handisheki ile, mswada wa nchi mbili haukutajwa tena hapa stendi. Ramani zikafutika kwenye simu.

Kuna wanaosema walinunuliwa. Pengine. Mimi naona walikuwa wakigonga mlango waingie, na walitumia maneno ya kutoka kwa sababu hayo ndiyo yaliyosikika. Ninachowalaumu ni kwamba hawakumwambia jaduong' wa miwa. Yeye alidhani ni safari.

Wako waliokusudia kweli, na yafaa tuwatofautishe. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume Kaskazini Mashariki, ikakuta kwamba wengi walitaka kuungana na Somalia. Matokeo yakawekwa kando. Kilichofuata ni vita vya Shifta, 1963 mpaka 1967, watu wakasombwa na kuwekwa vijijini chini ya ulinzi, ngamia wao wakauawa. Wasomali wanaouza nguo na simu Migori mjini, wengine wana wazazi waliopitia hayo. Hao ukiwatajia kujitenga hawapigi makofi. Na Pwani, Baraza la Jamhuri ya Mombasa, MRC, lililopigwa marufuku 2010 na kuruhusiwa tena na Mahakama Kuu ya Mombasa 2012, halikuwa likitafuta uwaziri. Lilikuwa likiulizia ardhi, na mkataba wa Oktoba 1963 uliohamisha ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kuja Kenya.

Tulichokipata sisi ni ugatuzi. Katiba inasema kaunti zote zigawane angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Pesa hiyo nimeiona kwa macho: zahanati, barabara za mashambani, wanafunzi wenye basari. Nimeona pia ilivyoibwa, na walioiba ni watu wetu, tuliowachagua kwa kuimba. Ingekuwa nchi, wangekuwa mawaziri.

Na hapa ndipo hoja inapotugeukia. Wakuria wa kaunti hii ya Migori wamekuwa wakidai kaunti yao wenyewe. Sababu wanazotoa ni zilezile za jaduong': sisi ni wachache, kura zetu hazimtoi gavana, ajira zinakwenda kwa wengine. Mwaka jana mteja wangu wa Kehancha, anayenunua mbegu za mahindi kwa gunia, alizieleza dukani mbele ya vijana wawili wa bodaboda. Walewale ninaokumbuka wakicheza na ramani ya nchi mbili. Wakamrukia: Migori haigawanywi! Mbona mnapenda ukabila?

Nikatoa katiba chini ya kaunta, nikawasomea kifungu cha 188: mpaka wa kaunti hubadilishwa kwa tume huru, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya kaunti kwenye Seneti. Na kaunti ya 48 inahitaji katiba yenyewe ifunguliwe. Mkuria akaniomba nimpigie picha ukurasa ule. Bodaboda mmoja akauliza kama wakiondoka watachukua Isebania.

"Isebania iko kwetu," Mkuria akamwambia. "Unataka tuiache wapi?"