Kava la Chini ya Injini: Usilitupe, Lishone

Ndugu msomaji, ukitoka Korogwe kwenda Handeni utasafiri juu ya lami kwa kilomita 65 hivi, na gari lako, hata likiwa la zamani, halitakuwa na sababu ya kulalamika. Lakini safari za familia haziishii kwenye lami. Iko njia ya shambani, uko ukweni, na wakati mwingine msiba hutokea kijijini katikati ya masika. Huko ndiko tumbo la gari linakokutana na visiki, mawe na lile tuta la katikati linaloachwa na magurudumu ya malori. Mara unasikia mkwaruzo. Unashuka, unainama, na unaona kipande cheusi kinaning'inia na kuburura chini.

Hilo ni kava la chini ya injini. Katika magari mengi ya zamani huwa ni bati la chuma. Katika magari mengi madogo yaliyotumika yanayotoka Japani huwa ni plastiki. Wengi wetu hulichomoa, tukalitupa nyuma ya nyumba na kuendelea na safari. Gari linatembea, basi tunadhani hatukupoteza kitu.

La hasha! Kava hilo huzuia tope, maji na vijiwe visirukie mikanda na altaneta. Katika magari mengi huongoza pia upepo upite kwenye rejeta, hivyo likikosekana injini yaweza kupata joto kupita kiasi. Ni kweli kwamba plastiki haiwezi kulizuia jiwe kubwa lisitoboe sampo. Lakini madhara madogo ya kila siku ndiyo yanayolimaliza gari polepole. Kwa nyumba ambayo gari hilo ndilo linalopeleka mahindi sokoni na mgonjwa hospitalini, injini ikiharibika si chuma tu kilichoharibika.

UHAI KWANZA

Kabla ya kushika spana, sikiliza neno hili moja, hata kama mengine yote utayasahau: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kuegemezea. Jeki huteleza, na ya mafuta huweza kushuka yenyewe. Tofali nalo hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, injini ikiwa imepoa. Vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, kisha inua na uweke stendi madhubuti mahali ambapo bodi imeimarishwa. Lisukume gari kwa mkono kabla ya kuingia. Likitikisika juu ya stendi, shusha uanze upya. Watoto wakae mbali, na mtu mzima awe karibu. Kama huna stendi, nenda gereji yenye shimo, ulipie kazi ya kulifungua kava, ulichukue nyumbani ukalitengeneze kwa nafasi yako.

KAVA NI SHAHIDI

Chukua kipande cha boksi, uchore umbo la kava, na kila bolti unayofungua uichomeke mahali pake kwenye mchoro. Bolti za kava moja hazilingani urefu, na nyingi hupotea siku ya kubadilisha oili.

Usikimbilie kuosha. Tazama kwanza uchafu ulioganda. Doa la oili litakuonyesha upande ambao injini inavuja, na nyasi kavu zilizosongamana karibu na bomba la moshi zitakuonyesha moto uliokuwa ukikunyemelea. Nyasi na oili karibu na chuma cha moto ni hatari isiyohitaji maelezo. Ukisharidhika, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Usitumie petroli, na maji yenye oili usiyamwage bustanini wala mtoni.

KUSHONA NA KUUNGA

Ufa wa plastiki una tabia ya kutembea. Kwa hiyo toboa kwa keekee tundu dogo la milimita tatu au nne kila ufa unapoishia. Ukifika hapo utasimama. Kisha toboa matundu mawili mawili pande zote za ufa, kila jozi mbali na nyingine kwa sentimita tatu hivi, upitishe waya laini na kuukaza kama mshonaji anayefunga gunia. Ncha za waya zigeuzie ndani.

Ukitaka kuunga kwa moto, fahamu kwamba plastiki hushikana vyema na ya aina yake tu. Tafuta maandishi yaliyochapwa kwenye kava lenyewe. Ukikuta herufi PP, basi ndoo iliyovunjika yenye namba 5 ndani ya pembetatu ni ya aina hiyo hiyo, na vipande vyake vinafaa kujazia ufa kwa chuma cha kulehemu. Dumu lenye namba 2 ni aina nyingine, halitaungana. Fanya kazi hii nje penye upepo, usivute moshi wake.

Matundu ya bolti yaliyopanuka yawekee washa pana za bati, na chini yake kipande cha tyubu kuukuu ya gurudumu ili kupunguza mtikisiko. Kava la chuma nalo lisugue kwa brashi ya waya na msasa hadi kutu yote itoke, uzibe tundu kwa kiraka cha bati kilichofungwa kwa ribiti, kisha upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho.

Aidha, usifunge kava kwa kamba ya katani. Korogwe ni wilaya ya mkonge na kamba haikosekani, lakini kamba husagika barabarani na huungua karibu na bomba la moshi. Kava likianguka mbele ya gurudumu ukiwa katika mwendo, utajuta.

Wakati wa kulirudisha, anza bolti zote kwa mkono ndipo uzikaze. Hakikisha kava haligusi bomba la moshi wala halizibi njia ya upepo. Endesha mwendo mfupi, usikilize, kisha uiname tena utazame.

Kazi yote hii yaweza kumalizika katika Jumamosi moja, kwa waya, vipande vya bati na tyubu ambavyo aghalabu vimelala nyuma ya nyumba. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mvua za vuli na masika hazimngoji mtu. Basi inama leo, ndugu msomaji, ulitazame tumbo la gari lako kabla tope halijalifikia.